Feni ya Kuku Katika Chumba cha Chai

Funguo za karakana ya hospitali nilizirudisha Ijumaa saa nane mchana, zote kumi na saba, nikasaini kitabu, nikastaafu. Jumatatu niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikavaa viatu, kisha nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nimekaa hapa nyumbani Makongeni na madaftari yangu. Ninawaandikia nyinyi mliobaki pale karakana mambo ambayo hamtayapata kwenye vitabu vya mitambo. Vitabu hivyo pia visomeni. Mimi nilivisoma vyote, vingine mara tatu, kwa sababu shule yangu iliishia kidato cha pili na hapakuwa na mtu wa kuniambia ni kurasa zipi naweza kuruka.

Kabla ya hospitali nilifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha nguo Thika, upande wa kusokota nyuzi. Kule hewa ilikuwa inaonekana. Vumbi la pamba lilielea kila mahali, na ukitaka kujua feni inavuta au imechoka, ulitazama tu vumbi linaelekea wapi. Kiwanda kilipopunguza watu nikaja hospitali na cheti changu cha ufundi nikidhani hewa naijua. Nilichosahau ni kwamba hospitalini hakuna pamba ya kunionyesha.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mlango wa wodi ya kifua, ambao haukuwa ukifunga vizuri. Nilikuta wodi ndefu ya zamani yenye paa la bati na dari la bodi, madirisha makubwa pande mbili, na matundu ya hewa juu ya ukuta. Wagonjwa wengi wakati ule walikuwa wa TB. Msimamizi wake alikuwa Sista Nafula, mama wa Bungoma kama wazazi wangu, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ili umsikie. Nilikuwa nimeshatoa bisibisi.

"Fundi," akasema, "kabla hujagusa huo mlango, niambie hewa ya hiki chumba inaenda wapi."

Nikamwonyesha madirisha. Alivuta uzi mmoja kutoka kwenye bendeji, urefu wa shubiri hivi, akainama akaushika kwenye upenyo chini ya mlango. Uzi ukalala kuelekea ndani ya wodi. Akasimama juu ya kiti, akaushika kwenye upenyo wa juu. Uzi ukalala kuelekea koridoni. Mlango mmoja, na hewa inaingia chini na kutoka juu. Wodi ilikuwa na joto la watu ishirini na korido ilikuwa baridi, ndiyo sababu. Mtu aliyekaa miaka tisa akitazama vumbi la pamba angepaswa kulijua hilo. Sikulijua.

Alinieleza kwamba nesi mzee aliyemfundisha kazi ya wodi za TB kule magharibi alikuwa akitembea na uzi mfukoni. Mgonjwa akikohoa, matone makubwa huanguka karibu naye, lakini yale madogo kabisa hubaki yakielea kama moshi wa sigara na huenda popote hewa iendapo. Kwa hiyo alikuwa na sheria moja tu kwa fundi yeyote: usizibe kitu wala kufungua kitu kabla hujaweka uzi. Niliuweka ule uzi kwenye mfuko wa shati. Nilipofika nyumbani mke wangu aliutupa akidhani ni takataka, na kesho yake nikaenda kuomba mwingine. Sista alicheka kidogo sana, akanipa bendeji nzima.

Vifaa vyangu vikaanzia hapo. Uzi wa bendeji. Dawa ya mbu ile ya kuwasha, ya mviringo, ambayo moshi wake ni mwembamba na unaonyesha njia ya hewa vizuri kuliko vifaa vingi vya bei. Mfuko mkubwa wa taka: unaushikiza kwenye mdomo wa feni na kuhesabu sekunde hadi ujae, na ukijua ukubwa wa mfuko unajua feni inatoa hewa kiasi gani. Na daftari. Dawa ya mbu msiwashe kamwe karibu na oksijeni. Hilo sitalieleza zaidi.

Vita vyetu vya kila mwaka vilikuwa vya Julai. Mnajua baridi ya huku, ukungu mpaka saa nne. Jamaa wa wagonjwa walikuja na magazeti na karatasi za nailoni na kuziba matundu ya juu, wakipanda juu ya vitanda, na mimi nilipita jioni nikiyazibua. Mzee mmoja wa Witeithie aliniambia kwamba nimetumwa nimuue mtoto wake kwa baridi. Sista Nafula alimketisha, akamwambia kwamba baridi inatibiwa kwa blanketi na kwamba dirisha lina kazi yake nyingine, kisha akaenda mwenyewe stoo akaleta blanketi mbili. Sikumbuki siku aliyomfokea mtu kuhusu dirisha. Alileta blanketi. Mwaka wa nne nikaelewa kwamba ile nayo ilikuwa sehemu ya mfumo wa hewa, nikaiandika kwenye daftari pamoja na feni.

Sasa niandike habari ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Nyuma ya wodi ya kifua kulikuwa na stoo ndogo iliyogeuzwa chumba cha chai cha manesi. Ukuta uliokitenga na wodi ulijengwa baadaye, na aliyeujenga aliukomesha kwenye dari. Juu ya dari, kati ya bodi na bati, hapakuwa na ukuta wowote. Ilikuwa nafasi moja tupu kutoka mwisho wa wodi mpaka juu ya meza ya chai. Majengo mengi yamejengwa hivyo. Niliijua nafasi hiyo kwa sababu nilipitisha nyaya mle kwa magoti mara nyingi.

Kila Jumatano Sista Nafula alileta omena na kuzipasha moto pale. Nesi Wambui, wa hapahapa Thika, alikuwa na pua kali na mdomo usiolala.

"Sista, hizi samaki zako leo zimefika hadi lango kuu. Askari ameniuliza kama tunafungua hoteli."

"Mwambie tumefungua. Wewe utaosha vyombo."

Walitaniana hivyo miaka mingi, lakini kweli chumba kilikuwa kinanuka, na kilikuwa na dirisha moja dogo. Nikaamua kuwafanyia wema. Kulikuwa na mfugaji kule Theta aliyekuwa ameacha kufuga kuku, na alikuwa na feni kubwa ya kuvuta hewa ya banda ambayo hakuwa na kazi nayo. Akanipa. Niliifungua, nikasafisha manyoya, nikabadilisha bearingi, nikatoboa ukuta wa nje wa chumba cha chai na kuiweka. Feni ile ilitengenezwa kwa ajili ya kuku elfu moja. Nilipoiwasha, mlango wa chumba ukawa mzito kufungua, kana kwamba kuna mtu anauvuta kwa ndani. Niliona fahari. Harufu ya omena iliisha siku hiyohiyo.

Uzi sikuuweka. Kwenye wodi ningeuweka, lakini hiki kilikuwa chumba cha chai.

Wambui, ambaye kelele zake ndizo zilizonituma, alisema feni inanguruma kama posho mill ya kusagia mahindi, akahamishia chai yake nje kwenye ngazi. Nilimwona mtu asiye na shukrani.

Kisha corona ikaja, na wodi ya kifua ikawa wodi ya corona. Wafanyabiashara wa upande wa barabara walilalamika kwamba madirisha yetu yanawapulizia ugonjwa. Utawala ukaamuru madirisha yote ya upande huo yafungwe kwa plaiwudi. Kutoka dirishani hadi kwa mfanyabiashara wa karibu zilikuwa mita zisizopungua ishirini, na hewa ya nje ingeuchanganya na kuupoteza ugonjwa ule kabla haujafika kwa muuza viazi, lakini watu walikuwa na hofu na sisi pia tulikuwa nayo. Wakati ule tulikuwa tumeambiwa tuogope mikono na meza kuliko hewa. Sista Nafula alipinga kwa barua. Barua haikujibiwa. Nilipokuwa nikipigilia plaiwudi ya mwisho alisimama nyuma yangu.

"Na hewa itatokea wapi, fundi?"

"Itajipanga, Sista," nikamwambia.

Nimeandika maneno hayo kama yalivyokuwa. Nilikuwa na plaiwudi kumi na mbili za kupigilia na nilikuwa nimechoka.

Baada ya wiki tatu manesi walianza kuugua. Wa kwanza, wa pili, kisha Nekesa, msichana mpole aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, ambaye alilazwa katika wodi ileile aliyokuwa akihudumu, akiwa na oksijeni. Wote walivaa kila kitu walichotakiwa kuvaa. Utawala ulisema wanazembea, kwamba wanashikana mikono na kukumbatiana wakitoka zamu. Nekesa aliandikiwa barua ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua kwa kuhatarisha wenzake. Barua ililetwa akiwa kitandani. Sista Nafula aliipokea kwa niaba yake, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Sista mwenyewe alikuwa na sukari, na alikuwa amebakiza mwaka na nusu astaafu. Kila mtu alimsihi ahamie kliniki ya watoto. Alisema atahama siku atakapopatikana mtu wa kukaa na manesi wake. Kwa hiyo kila siku saa nne aliingia chumba cha chai, akavua barakoa yake, akanywa chai yake bila sukari mezani pale pale walipokunywa wale watatu. Mimi nilipita mlangoni nikimwona, na hesabu ilikuwa rahisi: chanzo cha jambo hili kisipojulikana, zamu yake ilikuwa karibu, na yeye hangepona kwa urahisi.

Nikafanya ninachojua kufanya. Nilichora mistari kwenye daftari: nani ameugua, anafanya zamu gani, anavalia wapi, anakula wapi. Waliougua wote walikuwa wakinywa chai ndani. Wambui, ambaye alifanya zamu ndefu kuliko wote na kuwageuza wagonjwa kwa mikono yake, hakuwa hata na mafua. Wambui alikuwa akinywa chai kwenye ngazi. Niliitazama safu hiyo ya daftari siku mbili na bado sikuelewa. Nilidhani labda ni vikombe.

Siku ya tatu niliitwa chumba cha chai saa nne na robo kutengeneza birika la umeme. Chumba kilikuwa kinanuka klorini, harufu kali na safi. Kilikuwa kinanuka hivyo tangu nilipoweka feni, na sote tulifurahi kwamba siku hizi kinasafishwa. Mama Mutheu, msafishaji wetu kutoka upande wa Matuu, alikuwa akipita koridoni na ndoo, nikamshukuru kwa kazi nzuri.

"Ya wapi?" akauliza.

"Ya hapa. Kunanukia."

"Woi, Baba Sharon, usinichongee kwa watu. Hapo sijafika tangu Jumatatu. Sasa hivi nimetoka kupiga deki wodi."

Nililiweka birika chini. Wodi ilipigwa deki kila siku saa nne. Harufu ya sakafu ya wodi ilikuwa ikifika kwenye meza ya chai, na mlango wa kati ya wodi na korido ulikuwa umefungwa. Kama klorini ilikuwa na njia, basi na pumzi ya wagonjwa ilikuwa na njia.

Nilivaa nguo za kinga, nikaleta ngazi, nikainua bodi ya dari na kuingiza kichwa. Nilitoa uzi wa bendeji na kuushika juu ya ule ukuta, pale ulipoishia. Ulilala moja kwa moja kuelekea chumba cha chai, bila kutikisika, kama nywele zilizochanwa. Chini yangu feni ya kuku ilikuwa ikinguruma. Madirisha ya barabarani niliyafunga mimi, kwa hiyo wodi ilikuwa imepoteza njia yake kubwa ya kutolea hewa. Na feni niliweka mimi, na ilikuwa na nguvu ya kutosha kuvuta hewa ya wodi nzima kupitia nyufa za bodi na matundu ya taa, kuipitisha juu ya dari, na kuishusha mezani, pale ambapo manesi walivua barakoa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nilizima feni. Nilikaa juu ya ngazi muda fulani. Sitasema nilifikiria nini, isipokuwa kwamba mojawapo ya mambo niliyoyafikiria ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyejua.

Sista Nafula nilimkuta nje, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Nilisimama mbali naye kama ilivyotakiwa, ikabidi niseme kwa sauti.

"Sista, ni feni yangu."

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, macho kwenye mashuka.

"Umeizima?"

"Nimeizima."

"Hukuweka uzi."

"Sikuweka."

Kisha akatoa ile barua ya Nekesa mfukoni, akaikunjua, akaiweka juu ya benchi kati yetu na kurudi nyuma ili niichukue.

"Huyu mtoto anaulizwa alizembea wapi," akasema. "Wewe ndiye unajua jibu. Andika, Baba Sharon. Andika vile umeniambia, usiongeze wala usipunguze, na uweke jina lako. Ukimaliza uje uniambie kama hiyo feni inaweza kugeuzwa ifanye kazi ya maana."

Nimefanya kazi na watu wengi wenye elimu, na nimesoma vitabu vingi kuhusu hewa. Sijakutana na akili iliyopangika kama ile. Alikuwa na kila haki ya kunikasirikia na alijua kwamba hasira ingekula asubuhi nzima. Chai ilihamia nje saa hiyohiyo, chini ya turubai.

Niliandika kurasa mbili na mchoro. Niliandika kwamba feni niliweka bila kupima, na kwamba plaiwudi zilipigiliwa kwa amri lakini bila kupima pia. Nilipeleka nikijua kwamba naweza kurudi na barua yangu ya kufukuzwa. Mkuu wa utawala alisoma, akaomba aonyeshwe. Nilimpandisha ngazi na kumpa uzi aushike mwenyewe huku nikiwasha feni kwa dakika moja. Aliposhuka alikuwa na vumbi la dari kwenye suti na alikuwa amepunguza maneno. Nilipewa onyo la maandishi, ambalo nililistahili na ninalo bado. Barua ya Nekesa ilifutwa.

Kazi ilichukua siku nne. Tuling'oa plaiwudi kwenye sehemu za juu za madirisha. Tulijenga ule ukuta mpaka kwenye bati na kuziba mianya kwa lipu. Feni tuliihamishia mwisho wa wodi, ukuta unaotazama shamba la majani ya nepia ambako hapapiti mtu, ili ivute hewa iliyochafuka nje, na hewa safi iingie wodini kutoka koridoni. Nilipima kwa mfuko wa taka mara sita. Wambui alipita akasema sasa wagonjwa ndio watalala kwa posho mill, lakini alisaidia kushika mfuko.

Baada ya hapo hatukupata nesi mwingine aliyeugua kutoka wodi ile katika wimbi lile. Sisemi ni feni peke yake; chai pia ilikuwa nje, na watu walikuwa waangalifu zaidi. Lakini daftari ninalo. Sista Nafula alistaafu kwa wakati wake, akarudi Bungoma, na mpaka leo hunipigia simu kuuliza kama madirisha yako wazi. Nekesa alipona polepole. Kwa mwaka mzima alipanda ngazi kwa kusimama mara mbili. Nilimwendea nikamweleza mwenyewe, ingawa alikuwa ameshaambiwa. Aliniuliza swali moja tu, kama sasa kumepimwa. Nikamwambia kumepimwa. Akasema sawa, lakini hakuingia tena chumba cha chai. Alikunywa chai kwenye ngazi na Wambui, mvua ikinyesha wakavuta benchi chini ya baraza. Sikuwahi kumwambia aingie. Sikuwa mtu wa kumwambia hivyo.

Sasa Nekesa ndiye msimamizi wa wodi ile, mnamjua. Ijumaa yangu ya mwisho mliniandalia chai na mandazi katika chumba kilekile, na Wambui, kwa kunikomesha, akaleta omena. Dirisha siku hizi ni kubwa, nililipanua mwenyewe. Mlikuwa mmeshaketi na hotuba zimeanza, labda hamkuona. Nekesa alifika mlangoni akasimama. Alitoa uzi wa bendeji mfukoni, akainama, akaushika chini ya mlango. Uzi ukalala kuelekea nje, upande wa korido. Akausogeza juu, akasubiri. Ukalala kuelekea nje.

Akaurudisha mfukoni, akaingia, akavuta kiti kando yangu, akaomba asogezewe omena.